Miiba Hii Si ya Getini Kwetu

Tarehe 12 Januari

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na Mama kuliko wote. Mimi sijambo. Kikohozi kile kimeisha, na mwenye nyumba hatimaye amenitilia dirisha linalofunguka. Lile la zamani lilikuwa pambo tu.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Lakini mimi na wewe kwenye simu hatuwezani. Mara ya mwisho ulinikatia nikiwa katikati ya sentensi, nikabaki nazungumza peke yangu mbele ya watu. Kwenye karatasi hutaweza kunikata.

Haja yangu ni ndogo. Unajua kazi yangu hapa bustanini ni kuotesha migunga kutoka kwenye mbegu. Wateja wengine wanaitaka ya kupanda nje ya nyumba wapate kivuli. Wengine wanataka bonsai, yaani mgunga kamili wenye shina, matawi na miiba, lakini umedhibitiwa ukawa mdogo, unakaa kwenye chungu kama sahani juu ya meza. Nimeotesha ya kila mtu, ya kwangu sina. Sasa nataka wa getini kwetu. Ule ule wenye miiba mirefu myeupe, uliotutoboa miguu tangu tukiwa watoto. Nataka uote hapa dirishani kwangu, niwe nautazama nikinywa chai.

Niokotee maganda yake, yale yaliyokauka na kuanguka yenyewe, uyatie kwenye bahasha. Usiyabandue. Mbegu nitazitoa mwenyewe.

Mwambie Mama kitinda mimba wake hajamsahau.

Mdogo wako


Tarehe 16 Februari

Mdogo wangu,

Salamu tumezipokea. Sisi wazima, mgonjwa ni cherehani yangu tu, inaruka mishono kama mbuzi mwenye kichaa. Shemeji yako anachomelea mageti ya watu mpaka macho yamekuwa mekundu, majirani wanadhani anakunywa. Binti yangu mkubwa amenipita urefu, sasa anavaa viatu vyangu bila hata kuomba. Mama hajambo. Mguu unamsumbua kidogo, unajua tena mambo ya umri.

Nisamehe kwa kuchelewa, nilikuwa na sare za shule za kushona na wazazi ni wale wale, wanaleta kitambaa leo na kutaka nguo jana. Mbegu zako hizi hapa. Nimezibandua kwa sababu bahasha ilikuwa inatuna, na yule karani wa posta hawezi kuona kitu kimetuna akakiacha.

Na simu ulikata wewe.

Unakuja lini? Geti likilia, Mama anageuza shingo.

Dada yako


Tarehe 1 Machi

Dada,

Shikamoo. Natumaini Mama na wote hamjambo, na pole kwa cherehani.

Sasa sikiliza. Nilikuomba kitu kimoja, usiyabandue, na ndicho hicho hicho ulichokifanya! Ganda ndilo linaloilinda mbegu, na ganda ndilo linalonionyesha mti. Halafu hukuzikagua hata kidogo. Karibu nusu zina matundu. Yale matundu ni ya mdudu, anakulia ndani ya mbegu, anaila mpaka aimalize, kisha anatoboa mlango na kwenda zake. Umenitumia nyumba zilizohamwa. Mtu anayeona uzi uliolegea kwenye pindo la mwenzake kutoka ng'ambo ya barabara, anashindwaje kuona tundu kwenye mbegu?

Lakini nimefanya nilichoweza. Nimechemsha maji, nikayatoa jikoni yakatulia kidogo, nikayamimina juu ya mbegu na kuziacha usiku kucha. Zilizoelea nimezitupa. Zilizovimba nimezipanda. Zile kaidi zilizobaki ngumu kama changarawe nimezikwaruza kwa msasa upande mmoja, kidogo tu, maji yapate pa kuingilia. Nimezitia kwenye makopo marefu, maana mgunga hushusha mzizi kwanza ndipo ufikirie kupanda juu. Kopo fupi ni kuutukana.

Huyu bosi wangu anasema mbegu za posta hazioti. Nimemwambia hizi zitaota, ni za nyumbani.

Kuhusu kuja, tutazungumza. Sasa hivi ni kiangazi, miche haiachiki.

Mdogo wako


Tarehe 30 Machi

Mdogo wangu,

Wote wazima hapa.

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikaketi nikaisoma tena, nikidhani labda sikuelewa. Mimi ni dada yako au mimi ni muuza mbegu wako? Salamu mstari mmoja, mdudu ukurasa mzima. Umemwelezea yule mdudu tangu kuzaliwa mpaka kuhama, na Mama umemjumuisha na sisi wengine: "Mama na wote." Nilikuandikia mguu unamsumbua. Hukuuliza ni upi.

Halafu eti miche haiachiki. Miche haiachiki, mama ndiye anayeachika?

Shemeji yako ananiambia nisikutumie barua hii nikiwa na hasira. Nimemwambia nikisubiri hasira iishe, sitakuandikia mpaka mwakani.

Unakuja lini?

Dada yako


Tarehe 22 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo tena, na samahani kwa barua ile. Nilikuwa nimechoka. Mguu ni upi? Anapaka dawa? Niliongea naye kwa simu ya shemeji, akaniambia hajambo kabisa, akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia nimekula. Tukaagana. Kwa hiyo nimeona hakuna jambo kubwa.

Zimeota! Si zote, lakini zinatosha. Nilifika asubuhi na kopo la kumwagilia nikakuta mche mmoja umebeba ganda la mbegu kichwani kama kofia, nikaita bustani nzima ije ione. Bosi alikuja akakuna kidevu na kuondoka. Vijani vyake vidogo vidogo vinajikunja giza likiingia na kufunguka jua likitoka, kama ule wa nyumbani ulivyokuwa unafanya, unakumbuka? Wateja wameshaniuliza bei. Nimewaambia hii ina mwenyewe, hii ni geti la kwetu.

Ukiupita mgunga mwenyewe pale nje, uambie watoto wake wanaendelea vizuri.

Kuja nitakuja. Mvua zikitulia tutaona.

Mdogo wako


Tarehe 8 Juni

Dada,

Salamu kwa wote.

Nakuandikia nikiwa na mche mmoja mbele yangu mezani. Miiba imetoka. Nilidhani macho yangu yana tatizo, nikauchukua mche wa pili, wa tatu, nikazungukia yote. Mgunga wa getini kwetu una miiba mirefu myeupe iliyonyooka kama sindano za kushonea magunia. Hii ni mifupi, myeusi, imepinda kama kucha za paka. Huo si ukuaji wala si hali ya hewa. Miiba hii si ya getini kwetu!

Sasa naelewa kwa nini ulizibandua. Karani wa posta hakuhusika. Ungeniletea maganda ningejua siku ile ile kwamba ni ya mti mwingine. Njia ya mwongo fupi, Dada, isipokuwa ya kwako imechukua kiangazi kizima na masika, nimekaa naimwagilia. Nimewatangazia watu. Nimemkatalia mche mteja aliyetoa bei nzuri, kwa sababu eti ni geti la kwetu. Bosi leo asubuhi ameinama, ameutazama mwiba, akaniuliza, "Hivi geti la kwenu lina makucha?" Wafanyakazi wote wamecheka. Mimi pia nilijifanya nacheka.

Nitakuuliza swali moja, na unijibu hilo hilo, usiniletee sare wala cherehani. Mti uko mlangoni, hatua chache tu kutoka unapokaa kushona. Kwa nini ulikwenda kuokota kwingine?

Mdogo wako


Tarehe 3 Julai

Mdogo wangu,

Leo sianzi na salamu. Utaziona mwishoni kama nitakuwa bado nazo.

Umeuliza, nakujibu. Nilikwenda kuokota kwingine kwa sababu getini hakuna mti. Tumeukata. Na usiseme tumeukata kwa siri, uliangushwa mchana kweupe, shemeji yako ameshika msumeno na nusu ya mtaa imesimama inatoa ushauri. Barua yako ya kwanza ilipofika kuomba maganda, kuni zake nilikuwa nimeshazipikia. Zile za kwako niliziokota njiani, karibu na mashine ya kusaga. Kwangu mimi mgunga ni mgunga. Sikujua kwamba unaweza kuusomea mti kucha kama polisi wanavyosoma alama za vidole.

Sasa nitakuambia kwa nini, na ukae.

Mwaka jana, mvua za mwisho, Mama aliteleza pale karoni tunapofulia, akivuta ndoo. Mguu ulivunjika juu, kwenye nyonga. Nilikuwa kwenye cherehani, nikasikia ndoo kwanza, kisha yeye. Jirani mwenye pikapu alikuja mbio, Mungu ambariki, lakini pikapu haikuingia. Unalijua geti letu. Lile shina lilikuwa limekula nusu ya njia, anapita mtu, inapita baiskeli, gari haliwezi. Tukamlaza kwenye blanketi, tukambeba sisi wanne kutoka karoni mpaka barabarani, na pale getini ilibidi tumpinde ili apite. Tumpinde, umesikia? Mtu mwenye nyonga iliyovunjika. Miiba ikashika blanketi, shemeji yako akawa anaichomoa mmoja mmoja huku Mama analia jina la mama yake. Sijawahi kumsikia akimlilia mama yake. Nimesimama pale, nimeshika pembe ya blanketi, nikauangalia ule mti nikasema, wewe, nikirudi humu ndani, mmoja wetu ataondoka.

Aliporudi kutoka hospitali mti ulikuwa chini. Na ningeukata tena. Ningeukata leo kama ungeota usiku.

Kwa nini hatukukuambia? Muulize yeye. "Msimwambie, ataacha kazi aje kunitazama kama televisheni." Hayo ni maneno yake, akiwa amelala na plasta. Nilibishana naye nikashindwa. Nami nilidhani, huyu ndugu yangu si mjinga. Nikimwandikia "mguu unamsumbua," nikimwuliza kila barua unakuja lini, atanusa tu. Wewe unayenusa mdudu ndani ya mbegu! Umejua mdudu anaingilia wapi na anatokea wapi, na mama yako ukaridhika kwamba amekuuliza kama umekula. Kwenye simu mguu hauonekani, mwanaume wewe.

Hatembei peke yake. Asubuhi tunamtoa nje aote jua, na ili asimame lazima ashikwe pande mbili. Upande mmoja ni wangu. Upande wa pili ni yeyote atakayekuwepo: shemeji yako kabla hajatoka, binti yangu kama hajachelewa shule, siku nyingine muuza maziwa. Asipopatikana mtu, Mama anakaa ndani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wewe unaniandikia kuhusu bosi wako kacheka.

Salamu sina.

Dada yako


Tarehe 15 Julai

Dada,

Mmenifanya mgeni. Mama yangu anavunjika, anafungwa plasta, anafunguliwa, muuza maziwa anajua, nusu ya mtaa inajua, mimi niliyetoka tumboni mwake nasoma habari hizo kwenye barua kwa sababu miiba imepinda. Isingepinda ningejua lini? Kwenye mazishi?

Alikataa, sawa. Alikataa pia kwenda hospitali ile mara ya jino, na ulimkokota. Ukitaka kumshinda unamshinda. Hukutaka. Ulitaka nishindwe mtihani ambao sikujua kama umeanza, halafu uwe na haki ya kunikasirikia. Basi umefanikiwa, nimeshindwa, furahi.

Na mti mngeniambia. Nisingekataa. Kweli mnadhani ningekataa? Baba aliufunga kamba nikiwa bado sifiki kiunoni kwake ili usiinamie njia, mimi ndiye niliyeshika ile kamba. Ningesema kateni. Lakini ningetaka kusema.

Siandiki zaidi.

Mdogo wako


Tarehe 6 Agosti

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Nimeanza na salamu, kwa hiyo ujue nimepoa kidogo. Kidogo.

Barua yako nilikuwa naisoma jikoni kwa sauti, nikimsomea shemeji yako ili anitetee. Nilisahau kwamba Mama masikio yake hayakuvunjika. Nikafika kwenye ile kamba ya Baba, nikasikia kutoka chumbani:

"Nani anaulilia huo mti?"

Nikamwambia ni wewe.

"Kwani amerogwa? Huo mti nimeufagia maisha yangu yote! Baba yenu alikuwa anakaa kivulini, nyie mnacheza kivulini, mimi nafagia miiba. Asubuhi nafagia, jioni imejaa. Nikiwaambia kateni, baba yenu anasema tutakosa kivuli. Nani? Mimi kivuli nilikikalia lini?"

Shemeji yako akacheka mpaka akatoka nje. Mimi sikucheka sana. Nilikaa pale nikijaribu kukumbuka hata siku moja nilipomwona Mama ameketi chini ya ule mti, nikakosa. Nimejaribu tena leo. Jaribu na wewe.

Nilimwuliza alipoona umekatwa alisemaje moyoni, maana kwa mdomo alinyamaza, na mimi nilidhani amesikitika. Akasema, "Nilisema afadhali, lakini wamekawia." Kisha akaniambia nikuandikie usimletee mti wowote wenye miiba, wa kucha wala wa sindano, mkubwa wala wa kwenye sahani.

Kuhusu mtihani, labda una haki. Nilitaka uulize mwenyewe. Nilikuwa nimechoka kuwa mimi tu ninayejua, nikataka kuona kama kuna mwingine aliye macho. Hilo limeniuma kuliandika, kwa hiyo usilirudie nikikuona.

Jana hakupatikana wa upande wa pili. Mama hakutoka.

Dada yako


Tarehe 14 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo, na shemeji, na watoto, na Mama peke yake kwenye mstari wake:

Shikamoo Mama.

Nimejaribu ulivyoniambia. Nimelala chali nikatafuta siku moja tu aliyokaa pale. Namwona na ufagio. Namwona ameinama ananichomoa mwiba unyayoni kwa pini, ufagio ameuegemeza kwenye shina. Ameketi, simwoni. Miaka yote hii mimi nina mti kichwani, na aliyekuwa chini yake nilimfuta.

Hasira yangu kwako haijaisha, usije ukajidanganya. Mlinificha, na nitalisema tena uso kwa uso, na wewe utanijibu kuhusu mdudu, na tutapayukiana mpaka Mama agonge ukuta. Nimejiandaa.

Miche yenye kucha nimeigawa. Yule mteja wa bei nzuri amechukua mmoja wa bustani yake, upande wa uzio ambako hapiti mtu, na bosi ameomba mmoja wa kwenye chungu, anasema amezoea kuucheka. Dirishani kwangu hakuna kitu. Ruhusa nimepewa. Nilipoiomba, bosi aliniuliza miche nitamwachia nani. Nikamwambia miche inaachika.

Natoka hapa Jumatano, nitafika Alhamisi asubuhi jua likipanda. Sikuletei mbegu, wala mche, wala mzigo wowote wa kubeba. Nakuja mikono mitupu makusudi. Mkalishe Mama kitandani ukingoni, umshike upande wako, usimwite muuza maziwa.

Mdogo wako